Vidole Vyangu na Pua za Kapata

Zamani, mtoto akizaliwa katika mstari wetu wa nyumba hapa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa migodi mjini Kolwezi, waliniita mimi nije kumwogesha. Sikuwa muuguzi. Nilikuwa na mikono yenye joto tu, na subira. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu, nikampaka mafuta ya mawese yaliyotiwa moto kidogo, nikamkanda kichwa kiwe duara. Mwisho nilimshika pua kwa vidole viwili, nikaivuta taratibu kuanzia kati ya macho hadi chini, mara saba asubuhi na mara saba jioni, ili isije ikalala usoni kama andazi lililokaliwa. Watu wakiona mtoto mwenye pua nzuri walisema, "Hii ilipita kwa Mama Mwadi." Nilijifanya sikusikia, lakini nilisikia.

Kisha niliacha. Niliwaambia watu kwamba vidole vinaniuma. Havikuniuma. Niliacha kwa sababu ya Mechack.

Mechack ni mtoto wa Godelieve, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Nilimwogesha siku kumi na nne kamili na pua yake niliifanyia kazi kwa bidii, kwa kuwa baba yake alikuwa na pua iliyoenea. Mtoto alipofika miaka mitano hivi, akaanza kupumua kwa mdomo. Alikula akiwa anapumua hivyo, akacheza akiwa anapumua hivyo, mdomo wazi mchana kutwa, hata wenzake wakamwita Samaki. Asubuhi moja, tukiwa kwenye bomba la maji, Godelieve aliweka ndoo yake chini akaniambia:

"Mama Mwadi, mutoto wangu anafungwa pua. Ni vidole vyako. Ulimuvuta sana."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningeweza kumjibu. Nilichukua ndoo yangu nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo sikuvuta pua ya mtoto yeyote.

Hatukuwa maadui. Tulisalimiana. Mume wangu Antoine alipougua malaria mwaka ule mbaya, nilikuta bakuli la uji mlangoni, limefunikwa kwa kitambaa, na hakuna aliyebisha hodi. Nililijua lile bakuli, lilikuwa la Godelieve. Nililiosha nikalirudisha mlangoni kwake, nami sikubisha hodi. Lakini watoto wote waliozaliwa baadaye katika nyumba ile walipelekwa kuogeshwa mbali.

Sasa Mechack ni mwanaume wa miaka ishirini na sita. Ni wewa, ndivyo tunavyowaita waendesha pikipiki za kubeba watu, na kazi yake ni kati ya Kapata na machimbo ya Musonoi. Anaendesha mdomo wazi, na barabara ile haina lami. Yeye mwenyewe husema ikifika saa sita mchana huwa hahitaji kula, maana ameshakula nusu ya barabara. Mke wake, Tania, alikuwa na mimba ya miezi minane wakati mambo haya yanaanza. Kila nilipomwona akipita na tumbo lake nilijiuliza lile swali langu moja, ambalo nilikuwa nimejiuliza kwa miaka ishirini na moja: je, ni mimi niliyeifunga pua ile? Na nilijua kwamba mtoto yule hatapita mikononi mwangu.

Mwezi wa saba, vumbi likiwa limekolea, mjukuu wangu Noëlla alikuja kutoka Lubumbashi. Anasomea udaktari. Alikuwa mwaka wa mwisho, na alikuwa amebakiza kuandika mémoire, kile kitabu cha kumalizia masomo. Alifika na mfuko wa nguo mdogo na mfuko wa vyombo mkubwa.

"Nkambo," aliniambia, neno letu la bibi, "natafuta batu makumi sita ba kupima sura."

"Sura zimekosa nini?"

"Hazikukosa kitu. Profesa wetu anataka kujua: ukipima sura ya mutu kwa inje, upana wa mashavu, urefu wa sura, upana wa pua, unaweza kujua njia ya hewa mule ndani iko kubwa ao ndogo?"

Nilikuwa nachambua sombe, yale majani ya muhogo. Niliuliza bila kuinua kichwa, "Na kama pua ni nyembamba kwa inje?"

"Batu bengi banawaza hata ndani iko nyembamba. Njo tunataka kuhakikisha."

Nikaendelea kuchambua. Nilichambua hata majani yaliyokwisha kuchambuliwa.

Antoine ndiye aliyefurahi. Alikuwa ajusteur, fundi wa vyuma, katika karakana ya kampuni ya migodi kwa miaka thelathini na minne, akipima vyuma. Noëlla alipotoa mfukoni pied à coulisse yake, kile chombo chenye taya mbili zinazobana kitu na kukwambia upana wake, Antoine aliigeuza mkononi mara mbili akamrudishia.

"Hii ni plastiki, muke wangu," alisema. Ndivyo anavyomwita, kama babu yeyote anavyomwita mjukuu wa kike. "Hii ni ya kupimia mandazi."

Akaingia chumbani, akatoka na yake ya chuma iliyoviringishwa katika kitambaa chenye mafuta. Noëlla aliifuta kwa alkoholi mpaka ikapoteza harufu ya karakana. Tangu hapo Antoine akawa mpimaji, na mjukuu akawa mwandishi.

Tuliweka kiti uani, kwenye kivuli cha ukuta. Mtu aliketi, Antoine akampima mashavu, urefu wa sura na upana wa pua, kisha Noëlla akaleta sahani ndogo ya chuma kinachong'aa, iliyochorwa vimraba vidogo vidogo. Sahani hiyo ilitakiwa iwe baridi. Friji hatuna, na hata tungekuwa nayo umeme una tabia zake, kwa hiyo tuliiloweka katika beseni la maji ya kisima, ambayo mwezi wa saba yanauma mpaka mfupa. Noëlla akiikausha na kuishika chini ya pua, mtu alipumua kawaida, na mvuke ukaacha mawingu mawili juu ya chuma, moja la kushoto na moja la kulia. Noëlla alizungushia kalamu haraka kabla hayajafutika, akahesabu vimraba. Wingu kubwa, hewa nyingi.

Taabu ilikuwa kwamba Antoine hawezi kumshika mtu usoni bila kumtania. "Shemeji," alimwambia mtu wa kwanza, "nimepima bomba za pampu zilizokuwa ndogo kuliko hii." Yule akacheka, na pua ya mtu anayecheka hupanuka.

"Nkambo mwanaume," Noëlla akasema, "milimita tatu zimeongezeka. Mutu asicheke."

"Chuma hakikunisumbua hivi," Antoine akajibu. "Chuma hakicheki."

Noëlla alipowaambia watu wasicheke, ndipo hata wale waliokuwa hawana habari wakaanza kucheka. Nikapewa kazi. Nilisimama nyuma ya kiti na kumuuliza kila mtu habari za mama mkwe wake. Wengi walitulia mara moja, na Antoine akapima.

Siku mbili tulikwenda vizuri hivyo. Siku ya tatu nilifungua mlango asubuhi nikakuta uani vijana kama ishirini nisiowajua, wamepanga foleni kwa adabu, na pikipiki zimelazwa kwenye uzio wangu. Walikuwa wachimbaji kutoka Musonoi. Wa kwanza alikuwa kijana mpana mwenye macho ya upole. Jina lake Kisimba. Matundu ya pua yake yalikuwa mekundu, yamevimba na yanang'aa.

"Mwanangu, umeumia?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Nimejitayarisha."

"Kwa nini?"

Akatazama wenzake, kisha akasema polepole, "Banasema kampani mupya inaandika batu kazi. Inatafuta benye pua kubwa, ju bo habachoke mu vumbi. Banapima hapa."

"Nani alisema?"

"Batu."

Antoine alikuwa ameshafika na chuma chake. Akaisogelea ile pua kama anavyosogelea mashine iliyoletwa kutoka mbali. "Kijana, hii ni pua ya kuzaliwa ao kuna kitu uliweka?"

Kisimba aliona haya. "Niliweka vipande vya gunzi. Tangu jana."

"Gunzi la muhindi mubichi ao mukavu?"

"Mukavu, tata."

"Aah," Antoine akasema, na akatikisa kichwa kwa heshima.

Noëlla alipanda juu ya kigoda akawaeleza. Hakuna kampuni. Hakuna kazi. Ni masomo tu, ni kitabu cha shule. Wale vijana walisikiliza mpaka mwisho, na niliona mabega yakishuka, moja baada ya lingine. Nilidhani watakasirika. Walikuwa wameacha siku ya kazi ili waje.

Kisimba akasema, "Sawa, mama docteur. Lakini tumekwisha kufika. Utupime tu. Siku moja mutu atauliza."

Wakapimwa wote. Kisimba aliambiwa angoje mpaka pua irudi ukubwa wake, na ilikataa kurudi haraka. Alikaa uani kwangu karibu siku nzima. Hakuna aliyemwomba, lakini kila maji ya beseni yalipopoteza baridi aliyamwaga kwenye mchicha wangu akaenda kisimani kuleta mengine. Mara nane. Nilihesabu. Saa tisa nilimpa bukari, ule ugali wetu, na samaki, akala na kunishukuru kwa mikono miwili.

Mwishowe akapimwa. Hata bila gunzi, ile ilikuwa pua pana kuliko zote tulizokuwa tumeziona, milimita arobaini na tisa. Noëlla akaweka sahani. Mawingu yakatokea madogo, kama maharage mawili.

Aliyefuata alikuwa Mama Jessica, anayeuza maandazi kwenye kona. Yeye ana kipua kidogo, na miwani huwa inamteleza kwa kukosa pa kushika. Alipumua mara moja, na sahani yote ikawa nyeupe. Noëlla akaikausha, akarudia. Nyeupe tena.

"Mama Jessica," Antoine akasema, "hiyo hewa yote unaificha wapi?"

Kisha akakaa kwenye kigoda, chuma mkononi, akafikiri. Nilidhani atasema kitu cha karakana, lakini alisema cha nyumba. "Ni kama hizi nyumba tulizopewa na kampuni. Mulango ni mumoja kwa zote, dirisha ni moja, huwezi kujua yako ukiwa umelewa. Lakini ingia ndani. Mumoja ana salon ya kupokea wageni, unaweza kuchezea mupira. Mwingine ameweka kabati tatu na friji mbili mbovu, munapita ubavu ubavu."

Noëlla akaandika maneno hayo pembeni mwa daftari.

Mchana wa siku ya tano, watu wakiwa wamekwisha kutimia sitini na zaidi, aliketi mkekani na makaratasi yake. Nilimletea chai. Alikuwa amekunja uso.

"Nkambo, njoo uone. Batu ba mustari wetu, ishirini na mbili, pua yao ni kama imetoka kiwanda kimoja. Trente-sept, trente-huit, trente-sept: milimita thelathini na saba, thelathini na nane, basi. Profesa atasema nimepima mutu mumoja mara ishirini na mbili."

Nilikaa chini. Nilimweleza yote: mafuta ya mawese, mara saba asubuhi na mara saba jioni, nani nilimvuta na nani sikumvuta. Nilimalizia na Mechack. Sikuwahi kumwambia mtu habari hiyo, hata Antoine, ambaye wakati huo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, anasikia kila kitu.

Noëlla hakucheka. Aliniwekea mkono juu ya goti. Kisha akageuza karatasi akachora mistari miwili, maana ni mtoto wa kazi.

"Uliacha mwaka gani?"

Nikamwambia.

"Basi kuna batoto uliwavuta, na kuna wadogo zao hukuwavuta. Baba mumoja, mama mumoja. Nitajie majina."

Tukataja mpaka chai ikapoa. Alipokosa mdogo wa mtu fulani, alitoka akamwita apimwe. Jumamosi asubuhi alinishika mkono akaniketisha kwenye kile kiti cha kupimia.

"Nkambo, nimehesabu mara tatu. Wale uliowavuta na wadogo zao ambao hukuwavuta, pua ni ile ile. Kwa inje ile ile, na mawingu ile ile. Pua zinafanana ju hawa batu wote ni ndugu, nusu yao walitoka kijiji kimoja kule kaskazini. Vidole vyako havikufunga kitu."

Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kwa pumzi ya pili ikanijia hasira.

"Havikufunga. Na je, havikunyosha?"

Akaangalia makaratasi. "Havikunyosha pia, Nkambo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Antoine alikohoa kule mlangoni. "Miaka yote ile," akasema, "ulikuwa unazisalimia tu."

Sikumpa chakula cha mchana mpaka saa tisa. Lakini nilipokuwa nikisonga bukari, jambo lile likanirudia. Kama vidole vyangu havina nguvu ya kunyosha wala kufunga, nani aliifunga pua ya Mechack? Makaratasi yalikuwa yamezungumza juu ya watu wote, isipokuwa yeye. Hakuwa amekuja kupimwa. Mama yake hakutaka.

"Umulete," Noëlla akaniambia. "Bila yeye utabaki unajiuliza mpaka siku unakufa."

Nikavua kitambaa cha jikoni, nikafunga kilemba kizuri, nikavuka barabara. Ni hatua kumi na tisa. Nilikuwa sijazipiga kwa miaka ishirini na moja, isipokuwa ile mara ya bakuli.

Godelieve alikuwa anamenya karanga kwenye kizingiti. Aliniona nikiwa katikati ya barabara, akainuka, akaingia ndani. Nikadhani amenikimbia. Akatoka na kiti, kile chenye mto, akakipangusa kwa kiganja.

"Mama Mwadi. Karibu."

Niliketi. "Mama Mechack, nimekuja kuomba Mechack apimwe. Kama ni vidole vyangu, nataka nisikie mbele yako."

Alimenya karanga tatu, nne. "Miaka makumi mbili na moja hukunijibu kitu."

"Sikujua cha kusema."

"Ungesema tu hivyo."

Akageuza kichwa akaita ndani, "Mechack, vaa shati."

Mechack aliketi uani kwetu, mdomo wazi, mama yake upande mmoja na Tania na tumbo lake upande wa pili. Antoine kwa mara ya kwanza hakumtania mtu. Alipima akataja kwa sauti ndogo, "Thelathini na saba." Pua nzuri ya mstari wetu, kama ya wengine. Noëlla akatoa sahani majini, akaikausha, akaiweka.

"Funga mudomo kidogo, yaya," akamwambia, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Pumua kwa pua tu."

Mechack alijitahidi. Kushoto likatokea wingu dogo. Kulia, hakuna. Chuma kilikuwa kikavu kama kilivyotoka dukani. Akarudia na maji mapya. Hakuna.

Noëlla akainama karibu zaidi. Akavuta pumzi, akarudi nyuma taratibu, kwa adabu. "Yaya Mechack, upande huu unatoka usaha?"

"Tangu utoto."

"Na harufu?"

"Mi siisikiage," Mechack akasema. "Ni Tania anaisikia."

Tania akatazama chini. Ameishi na harufu ile miaka miwili na hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mama mkwe wake.

"Na kwa daktari ulienda?"

"Walinipa matone ya pua. Kila mara matone."

Mchana ule ule tulikwenda wote kwa Daktari Nkulu, aliyemfundisha Noëlla kazi mwaka uliotangulia na ana zahanati ndogo karibu na soko. Wanawake tulipanda pikipiki ya Mechack na ya rafiki yake, na Antoine akatembea kwa miguu na chuma chake mfukoni, kwa sababu, alisema, huwezi kujua.

Daktari alivaa taa kichwani, akamwekea Mechack dawa ya ganzi puani, akatuambia tukae kimya kwenye benchi. Akaingiza kijiti cha chuma chembamba. Sote tulisikia: tak.

Akakitoa. Akakiingiza tena. Tak.

"Hii si nyama," daktari akasema. "Ni jiwe."

Kazi ilichukua karibu saa nzima. Mechack alishika mkono wa Tania, na Godelieve akashika wangu. Sijui kama alijua ni wangu. Mwishowe kitu kikaanguka katika kikombe cha chuma, cha ukubwa wa karanga, cha kijivu, kibaya, na harufu yake siiandiki hapa. Daktari akakiosha na kukikwangua kwa kisu, na chini ya ule ukoko ikatokea rangi ya kijani, ile ya madini ya shaba. Mtoto yeyote wa Kolwezi angeitaja akiwa amefumba macho nusu.

Mechack, machozi yakimtoka kwa ajili ya ganzi, akasema, "Mi nalijua hili jiwe."

"Unalijua vipi?" mama yake akauliza.

"Tulikuwa tunacheza négociant, ule muchezo wa kuuziana madini, na rafiki yangu Sadrack. Yeye njo alikuwa munegocia, munuuzi, mi muchimbaji. Mizani yake ilikuwa ya bongo, ya kudanganya. Nilikuwa na mawe manne, hili njo lilikuwa zuri kupita yote, nikalificha mu pua."

"Kwa nini hukulitoa?"

"Nilikuwa nangoja bei ipande." Akafikiri. "Kisha lilizama. Na papa, baba yangu, alikuwa amekataza tusishike mawe. Nikanyamaza. Kisha nikasahau."

Antoine alitoa chuma chake mfukoni, akaomba ruhusa kwa macho, akalipima. "Milimita kumi na nne," akasema. "Bei imepanda, baba. Lakini wanunuzi watakukata bei kwa ajili ya unyevu."

Daktari Nkulu ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta. Tukacheka wote, isipokuwa Godelieve. Alikuwa amelitazama lile jiwe bila kupepesa. Alipozungumza, alizungumza na kikombe.

"Alikuwa ananyonya muzuri, huyu mutoto. Ananyonya sawa pampu. Mutoto wa pua kufungwa hawezi kunyonya vile, anaachaacha ziwa apate kupumua. Nilijua. Halafu nilisahau kama nilijua."

Sikuwa na la kumjibu, kwa hiyo nilisema hivyo tu. "Sijui cha kusema, Mama Mechack."

"Njo vile," akasema, na akanibana vidole.

Daktari aliondoa pamba aliyomwekea puani kuzuia damu. Mechack akafunga mdomo. Sijui kama mnaweza kuelewa ilivyokuwa kuuona ule uso ukiwa na mdomo uliofungwa. Alikuwa mzuri, na hatukuwa tunajua. Akavuta hewa kwa pua, kidogo, kwa woga, kisha kwa nguvu. Akageuka.

"Mama, hii harufu ni nini?"

"Harufu gani?"

"Ya maua maua."

Godelieve akanusa mkono wake. "Ni sabuni yangu."

"Umeianza lini?"

"Nimeitumia siku zote," Godelieve akasema, na ikabidi daktari amtafutie kitambaa.

Noëlla alirudi Lubumbashi na kuandika kitabu chake. Aliandika kwamba vipimo vya sura kwa nje vinasema jambo dogo juu ya njia ya hewa, lakini si kiasi cha kumtazama mtu usoni na kujua anavyopumua. Ili kujua ni lazima umwambie apumue. Maneno ya Antoine kuhusu nyumba za kampuni yamo, ukurasa wa arobaini na moja. Kwenye shukrani ameandika jina la Kisimba, aliyebeba maji, na chini yake: "Kwa nkambo wangu, aliyevuta pua miaka mingi bila matokeo." Profesa alimpa alama nzuri sana. Mimi ile sentensi nimemwambia tutaizungumza akija wakati wa Noeli.

Tania alijifungua mwezi wa nane, mtoto wa kike, Abigaël. Siku ya pili asubuhi nilisikia hodi. Ilikuwa hodi ya kubisha kweli, kwa mkono. Godelieve alikuwa amesimama mlangoni na beseni, mtoto kamfunika kifuani, na chupa ya mafuta ya mawese kwapani.

"Mama Mwadi, maji nimeyapasha. Umuogeshe. Na pua umuvute."

"Lakini Noëlla alihesabu," nikasema. "Mara tatu. Haisaidii kitu."

"Noëlla alisoma. Mi nakuambia muvute." Akaketi. "Kidogo tu. Ana pua ya nkambo wake mwanaume."

Nikanawa mikono. Nilikuwa nimeogopa kwamba vidole vitakuwa vimesahau, lakini vilikwenda vyenyewe, kati ya macho hadi chini, taratibu, kama mtu anayerudi kwake kwa njia anayoijua. Abigaël alinitazama kwa jicho moja akakubali. Mara saba.

Antoine alikuwa amekaa karibu, na chuma chake kimefutwa kwa alkoholi. Alikuwa amempima kabla sijaanza. Nilipomaliza akampima tena, akasogea dirishani kwenye mwanga, akasoma kwa makini.

"Kabla, kumi na tisa," akasema. "Baada, kumi na tisa."

"Pima jioni," Godelieve akamwambia. "Hajamaliza."